Dawa ya Deni Iko Nyingine

Methali ninayoichukia kuliko zote ina maneno manne: dawa ya deni kulipa. Nimeambiwa na mama yangu. Nimeambiwa na mwekahazina wa chama chake. Nimeambiwa na kijana wa kampuni ya mikopo ya simu aliyenipigia saa kumi na moja alfajiri, na mchungaji mmoja aliyedhani ananifariji. Ukiwa na deni kila mtu anageuka daktari, na madaktari wote wana dawa moja. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama mgonjwa ana koo la kuimeza.

Leo nataka kubishana na hiyo methali. Sibishani kwa sababu naona raha kutolipa. Aliyewahi kudaiwa na watu wanane kwa mpigo anajua hakuna raha hapo. Nabishana kwa sababu tangu 2015 nchi hii ina sheria inayosema deni lina dawa nyingine: kwamba mtu mwaminifu, aliyejaribu akashindwa, anaweza kuinua mikono na kusema basi, na serikali ikamjibu sawa, hebu tuhesabu kilichobaki, wadai wagawane, kisha uanze upya. Inaitwa Sheria ya Ufilisi, nambari 18 ya mwaka huo. Wakubwa wanaijua na wanaitumia. Sisi wenye vibanda, saluni na mashine moja ya fotokopi tumeachiwa methali.

*

Mashine yangu ilikuwa ya mtumba. Niliinunua elfu themanini na tano mwaka wa 2019, nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilinishinda. Elfu sitini zilitoka kwenye chama cha mama, zingine nilikuwa nimejiwekea. Nilikodi chumba kidogo Juja, mahali wanafunzi hupita wakienda darasani, nikaandika kwa rangi ya bluu: FOTOKOPI, PRINTI, KRA, eCITIZEN. Niliwachapia wenzangu mitihani ya zamani niliyopaswa kuwa naifanya mwenyewe. Iliniuma kidogo mwanzoni, halafu nikazoea, kwa sababu pesa ilikuwa inaingia. Siku nzuri nilifunga na elfu mbili. Nilimrudishia mama elfu tano kila mwezi, akazipeleka kwenye chama akiwa ameinua kichwa.

Machi 2020 serikali ikafunga shule na vyuo. Ndani ya siku chache Juja ilikuwa kama uwanja baada ya mechi. Sikuwa nimefanya kosa lolote la biashara. Sikuwa nimelewa mtaji, sikuwa nimebeti, sikuwa nimemwoa mtu kwa pesa ya stoki. Wateja wangu waliamriwa warudi kwao, wakarudi. Lakini mwenye nyumba hakuamriwa chochote. Kodi ilibaki elfu tisa kila tarehe tano.

Nikafanya kile kila mtu alichofanya: nikafungua simu. Mkopo wa kwanza ulikuwa elfu nne, ulikuja kabla sijamaliza kunywa chai. Wa pili ulilipa wa kwanza. Wa tatu ulilipa kodi. Kufikia Desemba nilikuwa nachimba shimo hapa kufukia shimo pale, nikiwa na programu nane za mikopo kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Vyuo vilipoanza kufunguliwa nilikuwa sina hata pesa ya kununua wino.

Halafu wakaanza kupiga simu. Kwangu nilishazoea. Walianza kuwapigia watu waliokuwa kwenye simu yangu. Walimpigia mwalimu wangu wa Kemia wa shule ya upili. Walimpigia fundi wa viatu. Walimpigia msichana niliyekuwa bado sijapata ujasiri wa kumwambia nampenda, wakamwambia mimi ni mwizi na yeye ndiye mdhamini wangu. Siku walipompigia mama akiwa kanisani, katikati ya mkutano wa akina mama, nilibeba mashine yangu nikaiuza elfu thelathini kwa jamaa wa mtaa wa pili. Jioni hiyo nikalipa kampuni moja, ile iliyokuwa na matusi makubwa zaidi.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho, maana hoja yangu yote imo ndani yake. Sikumlipa niliyemdai heshima zaidi. Sikumlipa aliyenikopesha kwanza. Sikulipa chama, ambacho kilikuwa na haki kuliko wote na kilikuwa kinanisubiri kwa ukimya. Nilimlipa aliyenitukana. Na ili nimlipe, niliuza kitu pekee ambacho kingeniwezesha kuwalipa wengine.

Hiyo ndiyo dawa ya deni tunayoisifu.

*

Sasa tuangalie wenzetu wanaougua ugonjwa huu huu kwenye hospitali nzuri.

Nakumatt, iliyokuwa duka kubwa kuliko yote nchini, iliwekwa chini ya msimamizi na mahakama Januari 2018, ikiwa na madeni ya mabilioni. Chini ya msimamizi wadai hawawezi kukurupuka na madalali. Wanakaa kwenye mkutano, wanapiga kura. Miaka miwili baadaye walipiga kura kampuni ifungwe, na wasambazaji wengi waliopeleka maziwa, unga na mboga wakabaki na karatasi. Kenya Airways mwaka wa 2017 ilipangiwa upya madeni yake, na mikopo ya benki kadhaa za hapa nchini ikageuzwa kuwa hisa. Uchumi nayo ilikaa na wadai wake mwaka wa 2020 wakakubaliana namna ya kupunguza deni. Viwanda vya sukari vya serikali vilibebeshwa madeni kwa miaka mingi hadi Bunge, mwaka wa 2023, likapitisha yafutwe. Tunaongea juu ya shilingi bilioni 117.

Sisemi ilikuwa vibaya kufanya hivyo. Mkulima wa miwa Mumias hakuwa na kosa, na rubani hakuwa na kosa. Nasema tu tusikilize lugha. Kampuni kubwa ikishindwa kulipa inaitwa "kupanga upya". Inaitwa "kunusuru". Mawakili wanavaa suti, wahasibu wanachora majedwali, na hakuna anayempigia mwenyekiti wa bodi alfajiri kumuuliza kama mama yake anajua alizaa mwizi. Mwenye kibanda akishindwa kulipa kitu kile kile anaitwa konkodi.

Na kuna ukuta mwingine ambao wengi hatuuoni. Kampuni kisheria ni mtu wa kando na wenyewe. Ikianguka, kwa kawaida inaanguka na mali yake yenyewe, na nyumba ya mwenye hisa inabaki imesimama. Lakini mimi na mashine yangu tulikuwa kitu kimoja. Mama mboga na meza yake ni kitu kimoja. Hata ukisajili jina la biashara ukalipia na kubandika cheti ukutani, jina ni jina tu. Deni la duka ni deni lako, linakufuata nyumbani na linalala kitandani mwako. Kwa hivyo anayehitaji mlango wa kutokea kuliko wote ni mfanyabiashara mdogo, na ndiye hajaonyeshwa mlango uko wapi.

*

Mlango wenyewe uko hivi. Niliusoma mwenyewe kwa simu ile ile yenye ufa, miaka miwili baada ya kuuza mashine, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa cha kuandikia makala ya mteja.

Mtu binafsi aliyeshindwa kulipa madeni yake anaweza kwenda Mahakama Kuu mwenyewe kuomba atangazwe mufilisi. Anaandika kila alichonacho na kila anachodaiwa, bila kuficha. Mahakama ikikubali, wadai wanazuiwa kumfuata mmoja mmoja. Mali yake inasimamiwa na kuuzwa, na kinachopatikana kinagawanywa kwa utaratibu, si kwa ukubwa wa sauti. Anaruhusiwa kubaki na vyombo vya lazima vya nyumbani na zana muhimu za kazi yake, kwa kiwango. Zana za kazi! Huenda mashine yangu ingehesabiwa humo. Nilipofika kwenye hicho kifungu niliweka simu chini nikatoka nje kupunga hewa.

Si zawadi. Ukiwa mufilisi huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, na kuna mambo unayohitaji ruhusa kuyafanya, kama kuanzisha biashara au kusafiri nje ya nchi. Jina lako linaingia kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Ukidanganya au ukificha mali ni kosa la jinai. Na madeni ya ulaghai au ya matunzo ya mtoto hayafutwi hata uombe vipi. Lakini kuna mwisho. Miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yako, kama hakuna aliyepinga, unaachiliwa. Deni linakufa. Wewe unabaki.

Na kabla ya kufika huko kuna vijia vidogo. Unaweza kukaa na wadai mkakubaliana mpango, na walio wengi wakikubali, wachache hawawezi kuuvuruga. Unaweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu, kidogo kidogo, huku ukiwa umekingwa dhidi ya vitisho. Halafu kuna kile ambacho kilinifanya nicheke kwa uchungu: utaratibu wa mtu asiye na mali. Sheria iliuweka kwa ajili ya yule ambaye hana chochote cha kuuzwa, ana deni la kati ya shilingi 100,000 na 400,000, hajawahi kuwa mufilisi, na kipato chake kikipimwa kinaonekana hakimwachii kitu cha kulipa. Haendi mahakamani. Anapeleka maombi kwa Mfilisi Rasmi wa serikali. Akikubaliwa, wadai wananyamaza, na baada ya miezi 12 deni linafutwa pamoja na riba na faini zake.

Laki moja hadi laki nne. Mimi, siku niliyouza mashine, nilikuwa na deni la shilingi laki mbili na elfu themanini na saba. Kuna mtu alikaa Nairobi akaandika sheria inayonihusu kama nguo iliyopimwa mwilini mwangu, halafu ikafungiwa kabatini, kwa Kiingereza.

*

Najua yatakayosemwa. Nimeyasikia yote nyumbani.

La kwanza: mkiruhusiwa kufuta madeni, kila mtu atakopa na kutoroka. Hebu tuulize riba ni ya nini. M-Shwari ilipoanza mwaka wa 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiurudia huo mkopo mwezi baada ya mwezi, mwaka ukiisha umelipa karibu asilimia 90. Waliokuja baadaye na kunikopesha mimi walitoza zaidi. Ukiwauliza mbona mnakamua hivi, wanajibu: wateja wetu ni hatari, wengine hawalipi. Sawa kabisa. Hiyo ni bei ya hatari, na mimi niliilipa kila mwezi nilipokuwa naweza. Niliwalipia wale walioshindwa kabla yangu. Sasa zamu yangu ya kushindwa imefika na mkopeshaji anajifanya ameshtuka, kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia kwamba duka linaweza kufungwa. Huwezi kuuza bima halafu ukakataa kwamba ajali zipo.

La pili linaniuma, na sitalikimbia: wadai wengine ni maskini kama wewe. Ni kweli. Chama cha mama hakikunitoza riba ya kuniua. Ni wanawake kumi na wanane wanaouza nyanya na kufua nguo, na elfu thelathini na tano zangu ambazo bado hazijarudi ni karo ya mtoto wa mtu. Nikifutiwa deni, sheria haichagui. Programu ya simu na mwuza nyanya wanafutwa kwa mstari mmoja.

Lakini angalia kilichotokea bila sheria. Nani alipata elfu thelathini za mashine? Chama hakikuona hata shilingi. Mfumo wa aibu, ambao tunausifu kuwa ndio uaminifu wetu, humlipa mkatili kwanza na mpole mwisho. Mwenye kompyuta ya kupiga simu mia kwa siku anashinda. Anayeniheshimu anapoteza. Kama ningepeleka maombi mapema, mwezi wa nne au wa tano, nikiwa bado na mashine na kazi za hapa na pale, ningeomba kulipa kwa awamu, na chama kingepata fungu lake sawa na mwingine yeyote, huku mashine ikiendelea kuzunguka. Kwa hivyo usiniambie sheria ya ufilisi inamwonea mdai maskini. Ndiyo sheria pekee inayomwambia mdai tajiri akae kwenye foleni.

Na tena, sheria inafuta wajibu wa kulazimishwa tu. Nikishaachiliwa, hakuna polisi atakayenizuia kupeleka elfu mbili kwenye mkutano wa chama jioni ya Jumapili. Deni la heshima ni langu na nitalilipa kwa heshima. Ninachokataa ni kwamba heshima yangu iwe dhamana ya kampuni ambayo haikujua hata jina langu la pili.

La tatu ni la dini, na hapa ndipo naona tumejisahau kabisa. Mchungaji aliyeniambia deni ni dhambi anasoma kitabu ambacho, katika Kumbukumbu la Torati 15, kinaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Sala ambayo waumini wake wanaisema kila Jumapili, kwa Kiswahili cha Mathayo, inaomba kusamehewa deni. Na jirani yangu Mwislamu anayefunga duka kwenda kuswali anafundishwa na sura ya Baqara kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda hadi atakapopata nafuu, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Hata neno lenyewe, mufilisi, lilitufikia kutoka Kiarabu, kwa watu waliofanya biashara baharini na waliojua kwamba jahazi linaweza kuzama bila nahodha kuwa mlevi. Sijui ni lini tuliamua kwamba kila jahazi lililozama lilizamishwa kwa uvivu.

*

Kuna watu watasema nakuza mambo, siku hizi hakuna anayefungwa kwa deni. Kumbe wapo. Sheria yetu ya kesi za madai bado inaruhusu mtu aliyeshindwa kesi ya deni kupelekwa jela ya madai, ambako mdai ndiye analipia chakula chake. Ndiyo, anayekudai anatoa pesa zaidi ili ukae mahali ambapo huwezi kupata pesa. Mwaka wa 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kulipa kunakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya imeuridhia. Mwaka wa 2012 Jaji David Majanja akasema jela hiyo yenyewe haivunji Katiba, ila lazima kwanza ithibitishwe kwamba mtu ana uwezo wa kulipa na anakataa. Tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka: hapo ndipo haki yote imelala. Na mtu wa kawaida atathibitisha vipi kwamba hawezi, kama sio kwa kupeleka hesabu zake mbele ya sheria mwenyewe, mapema, kabla hajaburutwa?

Lakini jela inayotushika wengi haina ukuta. Katiba yenyewe, kifungu cha 99, inamzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge. Kifungu cha 193 kinamzuia kugombea kiti cha bunge la kaunti. Kifungu hicho hicho cha 99 kinasema hakuna anayezuiwa hadi rufaa zake zote ziishe. Kwa hivyo mtu aliyeshtakiwa kwa kula mabilioni ya umma, hata akipatikana na hatia, anakata rufaa na picha yake inabaki kwenye karatasi ya kura. Mufilisi aliyejipeleka mwenyewe hana rufaa ya kukata, ni yeye aliyeomba. Wizi una subira. Umaskini uliokiri hauna. Halafu tunashangaa kwa nini watu hawakiri.

Kwa hivyo hatukiri. Tunabadilisha laini za simu. Tunahama usiku na godoro kichwani. Tunaacha kwenda kwa mazishi ya shangazi kwa sababu tutakutana na mtu. Nimeishi hivyo miaka mitatu. Makala niliyoandika kwa majina ya watu wengine ni mengi kuliko niliyoandika kwa langu, si kwa sababu ya pesa peke yake, bali kwa sababu niliogopa mtu akitafuta jina langu mtandaoni atanipata. Mufilisi halali angalau ana tarehe ya kuachiliwa. Sisi tuliojificha hatuna tarehe.

*

Ninachodai si msamaha wa jumla, na siombi mwanasiasa atuahidi kufutwa kwa madeni juu ya gari la kampeni. Nadai kile kilichokwisha kuandikwa kitolewe kabatini.

Kiandikwe kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Fomu ya mtu asiye na mali iwe kurasa chache ambazo mwenye kibanda anaweza kuzijaza bila wakili, kwa sababu ukimwambia mtu aliyefilisika atafute pesa ya wakili ili athibitishe hana pesa, unamcheka.

Kipatikane Huduma Centre, pale pale tunapochukua vitambulisho. Kila kaunti iwe na dawati moja na mtu mmoja anayejibu swali moja: nimeshindwa kulipa, nifanye nini? Serikali iliyoweza kuzindua Hustler Fund Novemba 2022 ikamfikia kila mtu mwenye simu, kwa mikopo inayoanzia shilingi mia tano, haiwezi kusema haina njia ya kutufikia. Iliweza kutuingiza kwenye deni kwa kubonyeza nambari chache. Ituonyeshe mlango wa kutokea kwa nambari hizo hizo.

Na kila mkopo wa simu uje na sentensi mbili mwishoni: ukishindwa kulipa, haya ndiyo matokeo, na hizi ndizo haki zako. Kanuni za Benki Kuu za 2022 tayari zinawakataza wakopeshaji wa dijitali kutisha watu na kuwapigia jamaa na marafiki waliomo kwenye simu zao. Vizuri. Lakini kumwambia anayekupiga aache ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukwambia wewe uliyepigwa kwamba kuna mahali pa kwenda.

Na sisi wenyewe tuache kutumia methali kama rungu. Rafiki yako akikwambia duka limefungwa na anadaiwa, usimwambie jikaze, usimwambie dawa ya deni kulipa. Mwambie aandike majina yote na kiasi anachodaiwa na kila mmoja kwenye karatasi moja. Mwambie asiuze zana yake ya kazi ili kumnyamazisha mtu mmoja anayepiga kelele. Mwambie asikope kulipa mkopo. Mwambie kuna afisi, na kuna sheria, na neno mufilisi si tusi.

*

Wiki iliyopita niliiandika karatasi yangu. Majina manane yamebaki matano. Jumla ni shilingi 241,600. Mali: kitanda, simu, kompyuta ya mkononi ambayo kibodi yake haina herufi R. Kipato: mwezi mzuri elfu kumi na tano, mwezi mbaya sifuri. Sijui watanikubali kama mtu asiye na mali au wataniambia naweza kulipa kwa awamu. Jibu lolote kati ya hayo mawili litakuwa la kwanza ninalopata kutoka kwa mtu ambaye hanitukani.

Nilimsomea mama kwa simu. Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Na sisi wa chama tumo kwenye hiyo karatasi?"

Nikamwambia mko, mama, mko namba moja.

"Basi soma tena," akasema, "polepole. Nataka nimweleze mwekahazina vizuri. Kuna wawili hapa kwetu wana hiyo shida."